Majibu kwa Wasomaji: Shakespeare Darasani na Jukwaani

Toleo lililopita liligusa kwa ufupi tafsiri za Shakespeare zilizofanywa na Mwalimu Nyerere, na barua zilizofuata zimezidi nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua zile zinazouliza jambo la kufanyika, yaani namna ya kuzisoma tamthilia hizi, kuzifundisha na kuziigiza. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama wengi walivyoomba.

Ninafundisha fasihi ya Kiingereza katika shule ya sekondari, na mwaka huu tunasoma *Julius Caesar*. Wanafunzi wanafungua kamusi karibu kila mstari, na baada ya kurasa kumi wamechoka na hadithi imewapotea. Walimu wenzangu wananikataza kuwapa tafsiri ya Kiswahili, wakisema itawafanya wavivu. Nifanyeje? – Mwalimu, Morogoro

Mwalimu mwenzangu, wape tafsiri, na uwape mapema, kabla hawajauchukia mchezo wenyewe. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya kwanza mwaka 1963, akairudia na kuisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mkuu wa nchi changa asingerudi kwenye kazi hiyo iwapo aliiona ni njia ya mkato ya wanafunzi wazembe. Alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba hoja nzito ya siasa katika mishororo isiyo na vina, mbele ya wasomaji waliozoea shairi lenye vina na mizani iliyopimwa. Ukienda mbali zaidi, Wajerumani wamemsoma Shakespeare kwa Kijerumani tangu Schlegel alipoanza kumtafsiri mwishoni mwa karne ya 18, wakampenda kiasi cha kuanzisha chama chao cha Shakespeare mjini Weimar mwaka 1864, na huko Japani Tsubouchi Shōyō alimaliza kutafsiri kazi zake zote mwaka 1928. Hakuna anayesema mataifa hayo yalimsoma kivivu.

Linalonitia wasiwasi katika barua yako ni kuanza ukurasa wa kwanza na kusonga mstari kwa mstari, kwa sababu maandishi haya yalitungwa yasemwe kwa sauti na watu waliosimama. Anza katikati, Tendo la Tatu, Onyesho la Pili, pale Brutus na Antony wanapohutubia wananchi wa Roma baada ya Caesar kuuawa. Wagawie wanafunzi wawili hotuba hizo, na darasa lililobaki lote liwe umati. Usiwape kitabu kizima. Wape kila mmoja maneno yake tu pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia, kwani ndivyo waigizaji wa London walivyopewa sehemu zao wakati huo, na faida yake ni kwamba anayesubiri zamu hulazimika kusikiliza kwa makini.

Wakishaisema hotuba hiyo mara mbili tatu kwa Kiswahili, waulize walichokisikia. Watagundua wenyewe kwamba Brutus anazungumza kwa nathari iliyopangwa vizuri, akiamini hoja yake inatosha, ilhali Antony anazungumza kwa ushairi na anarudia tena na tena kwamba Brutus ni mtu wa heshima, mpaka sifa hiyo inageuka kuwa shutuma bila yeye kubadilisha hata silabi. Kisha mwambie mwanafunzi anayeigiza Antony achukue kanga au shuka, ailaze mezani iwe joho la Caesar, na aonyeshe kwa kidole: hapa kilipita kisu cha Cassius, hapa alichana Casca, na hapa alichoma Brutus aliyependwa. Ngoja kidogo, halafu uulize Antony alijuaje. Caesar alipochomwa Antony hakuwapo, maana Trebonius alikuwa amemvuta kando kabla ya tendo. Hakuona kisu cha mtu yeyote. Nimeliona swali hilo likiamsha darasa lililokuwa limesinzia, kwa sababu kila mwanafunzi amewahi kumsikia mtu jukwaani akieleza kwa yakini mambo ambayo hakuyashuhudia.

Endeleeni hadi wosia wa Caesar, ambao unampa kila mwananchi drakma 75, na msiishie hapo, nendeni mpaka onyesho fupi linalofuata ambamo umati huo huo unamkamata mshairi Cinna kwa kuwa tu jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anapojitetea kwamba yeye ni mshairi, wanasema araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Ni baada ya hapo ndipo uwarudishe kwenye Kiingereza cha asili, hotuba ile ile, maneno yale yale ya Antony. Kamusi itafunguliwa kwa hamu ya kujua ilivyosemwa awali, na mtihani utajibiwa na watu wanaojua nini kilitokea na kwa nini.

Ndugu mhariri, kwa nini gazeti la Kiswahili linatumia kurasa zake kwa mwandishi aliyeletwa na wakoloni? Wasomi wetu wa Nairobi walikwisha kulimaliza suala hili mwaka 1968. – Msomaji, Nakuru

Ndugu yangu, suala unalolitaja ni la kweli na uzito wake haujapungua. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ifutwe na mahali pake iwekwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Ukiusoma waraka ule kwa makini utaona walichopinga ni kuiweka Uingereza katikati na kutufanya sisi tawi lake. Walitaka Afrika iwe ndiyo kitovu, na fasihi nyingine zitazamwe kutoka hapo, kwa uhusiano wake na sisi. Ngũgĩ alijua alichokuwa anakizungumzia, maana alisoma Alliance, shule ambayo wanafunzi wake waliigiza mchezo wa Shakespeare kila mwaka. Ninaukubali waraka huo, na nadhani ukurasa huu unafanya hicho hicho ulichokitaka.

Wasichoweza kukifanya wakoloni ni kuamua wasomaji wao watakitumiaje kitabu. Sol Plaatje, katibu mkuu wa kwanza wa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, alitafsiri Shakespeare kwa Kitswana katika kipindi ambacho serikali ya Afrika Kusini ilikuwa ikiwanyang'anya watu wake ardhi. *Diphosho-phosho*, tafsiri yake ya *The Comedy of Errors*, ilitoka mwaka 1930, na *Julius Caesar* yake mwaka 1937, miaka mitano baada ya kufariki kwake. Kwake tafsiri ilikuwa sehemu ya kazi ya kuilinda lugha aliyoona inadharauliwa. Miongo kadhaa baadaye, katika gereza la Robben Island, mfungwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na kitabu cha kazi zote za Shakespeare alichokificha kwa kukifunika kadi za Diwali, na wenzake wakatia saini kando ya vifungu walivyovipenda. Tarehe 16 Desemba 1977 Nelson Mandela alitia saini kando ya maneno ya Caesar kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwao, ilhali shujaa huonja mauti mara moja tu. Sioni namna ya kumwita Mandela mateka wa utamaduni wa mkoloni kwa saini hiyo.

Wapo pia waliokabiliana na Shakespeare uso kwa uso. Aimé Césaire wa Martinique aliuandika upya mchezo wa *The Tempest* mwaka 1969, akamfanya Caliban mtumwa Mweusi anayedai uhuru wake na kulikataa jina alilopewa na bwana wake. Mwaka huo huo S. S. Mushi alitoa *Tufani*, tafsiri ya mchezo ule ule kwa Kiswahili. Ninatamani mwalimu mmoja hapa kwetu aziweke kazi hizo mbili pamoja mezani, moja inayotafsiri na moja inayopinga, wanafunzi wabishane siku nzima.

Assalamu alaykum. Sisi ni familia ya Waswahili tunaoishi Muscat. Kijana wangu wa miaka kumi na minne amepewa nafasi ya Shylock, Myahudi anayekopesha fedha, katika mchezo wa shule, *The Merchant of Venice*. Anafanya mazoezi nyumbani kwa sauti ya kukwaruza na mgongo ulioinama, na nduguze wanacheka. Sipendi mwanangu ajifunze kucheka watu kwa dini yao, hata iwe dini gani. Nimtoe? – Mama, Muscat

Wa alaykumu s-salaam, mama. Usimtoe, lakini nenda shuleni ukazungumze na mwalimu anayeongoza mchezo, kwa sababu hofu yako ina msingi mkubwa kuliko pengine unavyofikiri.

Mchezo huu uliandikwa karibu mwaka 1596, katika nchi iliyokuwa imewafukuza Wayahudi wote tangu 1290, hivyo watazamaji wengi wa mwanzo hawakuwahi kuishi jirani na Myahudi anayejulikana kuwa Myahudi. Walimletea mwigizaji kicheko kilichokwisha kutengenezwa na hadithi za mitaani. Kicheko hicho kilikuja kuua. Mwaka 1943, wakati Wayahudi wa Ulaya wakiangamizwa kambini, ukumbi wa Burgtheater mjini Vienna uliuonyesha mchezo huu huku Werner Krauss akimfanya Shylock kiumbe wa kuchukiza, na onyesho hilo lilitumikia serikali ya Wanazi. Mwongozaji yeyote anayeugusa mchezo huu anapaswa kulijua hilo kabla ya mazoezi ya kwanza.

Hata hivyo mchezo wenyewe una zaidi ya kicheko hicho, na waigizaji ndio waliotufunulia. Edmund Kean alipoingia jukwaani Drury Lane mwaka 1814 aliacha ndevu nyekundu za mzaha zilizozoeleka, akavaa nyeusi, akamwigiza Shylock kama mtu mwenye akili na machungu. Henry Irving mwaka 1879 alimpa hadhi. Anayenigusa kuliko wote ni Jacob Adler, Myahudi mwenyewe, aliyemwigiza Shylock kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, mjini New York mwaka 1901, na mwaka 1903 akapanda jukwaa la Broadway akisema maneno yake yote kwa Kiyidishi huku waliomzunguka wakisema Kiingereza. Fikiria onyesho la mahakama likichezwa hivyo, mtu mmoja akidai haki kwa lugha ambayo hakuna mwingine jukwaani anaitumia.

Mwombe mwalimu amsomee kijana Tendo la Kwanza, Onyesho la Tatu, polepole. Antony hayumo humu, ni Antonio, mfanyabiashara anayeheshimiwa mjini, na amekuja kuomba dukati 3,000 kwa miezi mitatu kwa mtu ambaye amekuwa akimwita mbwa na kumtemea mate kwenye joho lake. Shylock anamkumbusha hayo, na Antonio anajibu kwamba yuko tayari kumtemea tena. Kijana akilielewa onyesho hilo, mgongo wake utanyooka wenyewe. Deni la ratili ya nyama, itakayokatwa mwilini mwa Antonio mkopo usipolipwa, linatoka hapo, na kisasi anachokitaka baadaye ni kiovu kweli, mchezo hauufichi uovu wake. Lakini kimefundishwa na waungwana wa mji, na Shylock mwenyewe anawaambia hivyo katika hotuba yake maarufu anapouliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, kama akichomwa hatoki damu.

Kuna kifungu kingine ambacho husomwa haraka mno, na familia za pwani yetu, za Zanzibar na za Oman, zina sababu ya kukisikiliza. Mahakamani Shylock anawaambia Wavenisi kwamba nao wana watumwa wengi waliowanunua, wanaowatumia kama punda na mbwa na nyumbu katika kazi za aibu. Je, awaambie wawaache huru, wawaoze kwa warithi wao? Watajibu kwamba watumwa ni mali yao. Basi na yeye anasema ratili yake ameinunua kwa bei ghali. Hakuna anayemjibu hoja hiyo. Hadithi hii ilisimuliwa kwa Kiswahili mapema sana, mwaka 1867, pale Edward Steere alipochapa Zanzibar *Hadithi za Kiingereza*, hadithi nne zilizotokana na Shakespeare, na hii akaiita *Kuwia na Kuwiwa*. Soko la watumwa la mji huo lilikuwa bado wazi, na lilifungwa miaka sita baadaye, 1873. Nyerere naye alipoitafsiri tamthilia yenyewe mwaka 1969 kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliyaelekeza macho ya msomaji kwenye fedha na wanaoimiliki, na nadhani alifanya vema, kwa sababu katika mji huo kila mtu ana bei, hata bibi arusi.

Mwonyeshe kijana wako pia Mwanamfalme wa Moroko, anayeingia akiomba asichukiwe kwa rangi ya ngozi yake, na aone Portia, binti mwema wa mchezo, anasema nini baada ya mgeni huyo kuchagua kasha lisilo sahihi katika mtihani wa wachumba na kuondoka. Anatamani wote wa rangi ile wachague vivyo hivyo. Kijana ataelewa kwamba kicheko anachokizoea nyumbani kinaweza kumgeukia yeye katika mchezo ule ule, jioni ile ile.

Mambo mawili ya vitendo: pua ya bandia isikaribie jukwaa, na mwisho wa kesi, Shylock anapolazimishwa kuiacha dini yake na kuomba ruhusa aondoke kwa kuwa hajisikii vizuri, pasiwe na muziki wala kelele za ushindi. Apite katikati ya wenzake kwa mwendo wake wa kawaida hadi atoke. Na shule isifute Tendo la Tano lenye mbalamwezi na mizaha ya wapenzi. Wengi hulifuta kwa kubana muda, na kwa kufanya hivyo wanawaondolea watazamaji nafasi ya kuona jinsi watu hao wanavyosahau upesi.

Niliambiwa na jamaa yangu kwamba Shakespeare aliwahi kuigizwa kwa Kiswahili London kwenyewe. Ni kweli? – Msomaji, Bukavu

Ni kweli kabisa. Mwaka 2012, kuanzia Aprili hadi Juni, ukumbi wa Globe ulialika tamthilia 37 katika lugha 37. Kundi kutoka Kenya lilipeleka *The Merry Wives of Windsor* kwa Kiswahili, kwa jina la *Wanawake wa Heri wa Winsa*, tafsiri ya Joshua Ogutu. Uchaguzi ulikuwa mzuri, kwa kuwa ni mchezo wa wake wawili werevu wanaogundua kwamba mzee mmoja mlafi amewaandikia wote barua ya mapenzi yenye maneno yale yale, na umbea wa mtaani hauhitaji kufasiriwa kwa Mswahili. Katika tamasha hilo Zimbabwe walicheza kwa Kishona, Wanigeria kwa Kiyoruba, na Sudan Kusini, nchi ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, ilileta *Cymbeline* kwa Kiarabu cha Juba, mchezo kuhusu nchi ndogo inayogoma kulipa kodi kwa dola kubwa.

Kikundi chetu kinataka kuuleta *Macbeth* katika mji wa pwani, wachawi wawe waganga wetu, na vita viwe vya sultani na majumbe. Tuna uhuru kiasi gani wa kubadilisha? – Kikundi cha sanaa, Mombasa

Ndugu zangu, uhuru wenu ni mkubwa, mradi kila mnachokiondoa mkiwekee kitu chenye uzito sawa. Welcome Msomi aliufanya *uMabatha* kwa Kizulu mwaka 1970, akaupeleka London 1972, na hakutafuta Uskoti ndani yake hata kidogo. Alitafuta ngoma ya vita, sifa za wafalme na hofu ya ukoo kuvunjika, ambavyo vyote vilikuwapo kwao. Akira Kurosawa wa Japani katika filamu yake ya 1957 aliachana kabisa na maneno ya Shakespeare, wachawi watatu akawafanya pepo mmoja mzee anayezungusha gurudumu la kusokotea nyuzi msituni, na nyuso za wahusika akazifananisha na vinyago vya Noh, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Mwishoni shujaa wake anauawa kwa mishale ya askari wake mwenyewe, jambo lisilokuwamo katika maandishi ya Kiingereza, na bado mtu anayeujua mchezo huona kwamba hakuna kilichosalitiwa.

Kilichobaki katika kazi zote mbili ndicho msichopaswa kukigusa: Duncan ni mfalme, ni ndugu, na usiku ule ni mgeni aliyelala nyumbani kwa Macbeth. Macbeth mwenyewe anayahesabu hayo kabla ya kuua, na kusema kwamba mwenyeji ndiye aliyepaswa kumfungia mlango muuaji. Kwa watu wa pwani sehemu hii haihitaji maelezo. Mpokeeni Duncan kwa heshima zote za mgeni, udi ufukizwe, apewe maji ya kunawa, Lady Macbeth amhudumie kwa mikono yake, na onyesho hilo msiliharakishe, kwani uzito wote wa kisu unatoka hapo. Tafsiri ya Mushi, *Makbeth*, iliyotoka 1968, itawafaa kama msingi hata kama mtaipa lahaja ya Kimvita.

Kuhusu waganga nina ombi zito. Shakespeare aliuandika mchezo huu chini ya Mfalme James, aliyekuwa ameshughulika mwenyewe na kesi za uchawi huko Uskoti mwanzoni mwa miaka ya 1590 na kuandika kitabu kizima cha kuthibitisha uchawi mwaka 1597. Wanawake waliteswa na kuchomwa kwa tuhuma hizo. Kwetu bado vikongwe wanauawa kwa kutuhumiwa uchawi, na huko Usukumani wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo ni kazi ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kikundi kitakachompandisha jukwaani bibi kizee mwenye macho mekundu ili watazamaji wapige mayowe kinaongeza kuni kwenye moto huo. Isitoshe, kumwita mganga mchawi ni kuchanganya watu wawili ambao jamii yetu inawatofautisha. Wafanyeni watatu hao kuwa kitu kisicho na umri wala jinsia inayojulikana. Maandishi yanawasaidia, maana Banquo anashangaa kwamba wanaonekana wanawake lakini wana ndevu. Na kumbukeni kwamba hawamwambii Macbeth aue. Wanamwambia atakuwa mfalme, na njia anaitafuta mwenyewe akisaidiwa na mkewe.

Yule bawabu mlevi anayekuja kufungua lango baada ya mauaji msimfute. Mpeni mchekeshaji wenu hodari kuliko wote, azungumze Kiswahili cha mtaani cha leo, na hodi ziendelee kugongwa kwa nguvu nje wakati watazamaji wakicheka.

Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi wa shule ya bweni ya wasichana. Tumekatazwa kuigiza *Hamlet* kwa sababu ina wanaume wengi, na tumeambiwa wasichana kujifanya wanaume si adabu. – Wanafunzi, Mbeya

Marahaba, wanangu. Mwelezeni mlezi wenu kwa heshima kwamba michezo hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza hapakuwa na mwanamke hata mmoja jukwaani. Ophelia, Lady Macbeth na Portia waliigizwa na wavulana, na ilikuwa baada ya 1660 ndipo wanawake walipoanza kuigiza hadharani katika kumbi za London. Sarah Bernhardt wa Ufaransa alimwigiza Hamlet mwaka 1899, Asta Nielsen wa Denmark alimwigiza katika filamu ya 1921, na huko Japani kundi la Takarazuka, lililoundwa mwaka 1913, limekuwa na wanawake watupu hadi leo. Msijibandike ndevu wala kuzamisha sauti. Watazamaji watamwamini mfalme mkimwinamia ninyi wenyewe kama mfalme. Kama suruali ndiyo kikwazo, kanzu na joho vinatosha kwa mji wa Elsinore. Mchezo mzima ni mrefu mno, hivyo chagueni saa moja na nusu ya maonyesho yanayofuatana, na lile la waigizaji wanaoalikwa ikulu liwemo, kwa kuwa humo Hamlet mwenyewe anafundisha uigizaji: semeni maneno kwa ulimi mwepesi, msipasue hewa kwa mikono, na wachekeshaji wasiongeze yasiyoandikwa.

Je, tunahitaji kibali cha mtu ili kumwigiza Shakespeare kwa kiingilio? – Kikundi cha vijana, Bujumbura

Kwa maandishi ya Kiingereza ya Shakespeare mwenyewe, aliyefariki 1616, hamhitaji kibali wala malipo. Tafsiri ni jambo jingine: mfasiri ana haki zake, na Mwalimu Nyerere alifariki 1999, kwa hiyo *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi* bado zinalindwa na sheria ya hakimiliki. Andikieni mchapishaji aliyetajwa ndani ya jalada, mtaje idadi ya maonyesho, ukubwa wa ukumbi na kiingilio, na mfanye hivyo miezi kadhaa kabla ya tarehe yenu. Mkitafsiri wenyewe kutoka Kiingereza, kazi ni yenu, na jina la mfasiri liandikwe kwenye tangazo pamoja na la mwongozaji.